Waitikiaji Wamesikika Tena: Huduma ya Kuhamisha Kanda Mwanjelwa

Kanda iliyonifikisha kwa fundi huyu ni ya dakika 90, na kwenye karatasi ya jalada lake kuna neno moja tu lililoandikwa kwa wino wa bluu: "Wasichana". Mama mkubwa aliirekodi alipokuwa akifundisha Tukuyu, nyingi zikiwa nyimbo za vikundi vya wasichana wa Marekani, kutoka kwenye santuri za mwalimu mwenzake, na kwa miaka mingi nyimbo hizo ndizo zilizosikika nyumbani kwake kila Jumapili baada ya ibada. Alipofariki nilikabidhiwa kanda hiyo pamoja na redio kaseti ambayo mota yake ilikuwa imekwisha kufa. Ninaandika tathmini hii nikiwa mteja aliyepeleka kitu ambacho hakinunuliki tena popote, na msomaji anastahili kulijua hilo tangu mwanzo.

Huduma yenyewe ni rahisi kuieleza. Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya, nyuma ya safu ya wauza makava ya simu, kuna chumba kidogo ambamo kijana mmoja huhamisha nyimbo kutoka kwenye kanda na santuri na kuziweka kwenye flashi. Ana deki mbili za kaseti, mashine moja ya santuri, kompyuta, na hedifoni nzuri kuliko nilivyotarajia. Nilikubaliana naye shilingi 5,000 kwa kila upande wa kanda, flashi ikiwa yangu mwenyewe, na kazi ya upande wa kwanza ilikuwa tayari baada ya siku tatu.

Mimi hufundisha kwaya ya vijana, kwa hiyo nilikwenda na kipimo changu. Sauti ya mwimbaji kiongozi husikika hata kwenye redio mbovu, na fundi yeyote anaweza kumfurahisha mteja kwa kuikuza. Mimi nilitaka kuwasikia waitikiaji. Ukizisikiliza kwa makini nyimbo za vikundi vya wasichana wa Marekani, hasa zile za kati ya mwaka 1957 na 1966, utaona kwamba nguvu zake zimo kwa wale wawili au watatu wanaosimama nyuma. Msichana wa mbele anauliza, analalamika au anakiri jambo, na wale wa nyuma wanamwitikia, wanamhimiza, wanalirudia neno lake la mwisho kama shoga anavyolirudia neno la mwenzake ili aendelee kusimulia. Ndiyo maana nyimbo hizi hazijazeeka: mwenye huzuni ndani yake hajaachwa peke yake hata kwa mstari mmoja, na msikilizaji anayeziimba jikoni au kwenye daladala anajikuta naye amepata wenzake.

Jambo hili lina asili yake. Wengi wa wasichana hao walianzia mahali pale pale wanapoanzia wanangu wa kwaya. The Chantels walikutana katika kwaya ya shule ya Kikatoliki huko Bronx, New York. The Marvelettes waliimba katika kwaya ya shule yao ya sekondari mjini Inkster, Michigan. The Shirelles walisoma pamoja Passaic, New Jersey. Vikundi vingine vilikuwa familia kabisa: The Ronettes walikuwa dada wawili na binamu yao, na The Shangri-Las walikuwa jozi mbili za ndugu, moja ikiwa ya mapacha. Sauti zilizokulia chini ya paa moja hupatana kwa namna ambayo mwalimu hawezi kuileta kwa mazoezi, nami ninalishuhudia hilo kila wiki kwa mtu na mdogo wake wanaoimba alto katika kwaya yangu.

Nakala ya kwanza niliyopewa haikunifaa, na ni haki kulisema wazi. Fundi alikuwa amefanya mambo matatu kwa nia njema. Aliondoa mvumo wa kanda kwa programu ya kusafisha sauti, na mvumo ulipoondoka uliondoka na tari, makofi na pumzi za waimbaji. Aliongeza besi, kwa kuwa ndivyo wateja wake wengi wanavyotaka. Kisha akatumia kitu kinachopanua sauti ili isikike kushoto na kulia, ilhali nyingi kati ya nyimbo hizi zilichanganywa zitoke mahali pamoja, katikati, kiongozi na waitikiaji wakiwa wamebanana kama watu walioshirikiana kipaza sauti kimoja. Zilipopanuliwa, waitikiaji walififia wakawa kama wanaimba kwenye nyumba ya jirani.

Kosa la nne lilikuwa la mashine. "Where Did Our Love Go" wa The Supremes uko katika ufunguo wa C, lakini nilipoulinganisha na kinanda cha kanisani nilikuta umepanda karibu nusu toni. Deki ilikuwa inazunguka haraka kuliko inavyopasa, na Diana Ross, ambaye katika wimbo huo anaimba kwa sauti ya chini na ya utulivu, alisikika kama mtoto wa darasa la tatu.

Nilirudi Jumatatu nikiwa na wasiwasi, kwa sababu si kila fundi hupenda kurudishiwa kazi. Huyu alinipa kiti, akanipa hedifoni, akasema, "Mwalimu, nionyeshe unachokikosa, maana mimi nyimbo hizi sizijui." Nilimwomba aicheze kanda yenyewe bila kuisafisha, kisha nikamwonyesha mahali ambapo waitikiaji huingia. Alisikiliza mara mbili, akanyamaza, akachukua bisibisi ndogo na kuanza kuigeuza skrubu iliyo pembeni mwa kichwa cha deki, taratibu sana, hadi zile sauti za juu zilipofunguka ghafla. Alinieleza kwamba kichwa kinapoinama hata kidogo tofauti na kile kilichorekodi kanda, sauti nyembamba ndizo za kwanza kupotea. Alikipangusa kichwa kwa spiriti, akabadilisha mkanda wa mpira wa deki uliokuwa umechoka, akarekebisha spidi kwa kuufuata ule ufunguo wa C niliomtajia, na akarekodi upya kila kitu bila kunidai nyongeza. Kwa saa mbili nilizokaa pale nilijifunza mengi kuhusu kanda, na ninaamini naye alijifunza kitu kuhusu waitikiaji.

Matokeo yake ni mazuri kiasi kwamba nalazimika kuyaeleza kwa wimbo mmoja mmoja.

"Please Mr. Postman" wa The Marvelettes, wa mwaka 1961, ndio unaofungua kanda. Huu ndio wimbo wa kwanza wa Motown, kampuni ya muziki ya Detroit, kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Marekani ya Billboard Hot 100, na kwenye ngoma alikuwapo Marvin Gaye kabla hajawa nyota. Msichana anamwomba mtu wa posta aliangalie tena begi lake, huenda barua ya mpenzi wake imejificha humo. Vijana wangu wa kwaya hawajawahi kusubiri barua kwenye sanduku la posta, lakini wanafahamu vizuri kukaa na simu mkononi wakiisubiri ile tiki igeuke bluu, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa wimbo. Katika nakala mpya, kila Gladys Horton anapomwomba mtu wa posta asimame, wenzake wanalidaka ombi lile kabla halijaanguka chini. Beatles waliurekodi mwaka 1963, na The Carpenters wakaurudisha kwenye nafasi ya kwanza mwaka 1975. Nimezisikia nakala zote mbili, nami bado nauona wa wasichana wa Inkster kuwa ndio wenye haraka ya kweli, ile haraka ya mtu ambaye barua ni yake.

Unaofuata ni "Will You Love Me Tomorrow" wa The Shirelles, uliotoka mwaka 1960 na kufika nafasi ya kwanza Januari 1961, jambo ambalo hakuna kikundi cha wasichana Weusi kilichokuwa kimelifikia kwenye chati hiyo kabla yao. Waliutunga Gerry Goffin na Carole King, na King alikuwa na umri wa miaka 18 tu. Swali la wimbo liko kwenye jina lake: utanipenda hata kesho? Shirley Owens haulizi kwa kulia. Anauliza kama binti aliyekwisha kufikiri, anayejua kwamba usiku ni mtamu na kwamba asubuhi ina mambo yake, na wenzake nyuma yake wanaitikia kwa upole, kwa silabi zisizo na maana ya kamusi lakini zenye maana yote ya urafiki. Mama mkubwa alikuwa akiacha kupepeta mchele wimbo huu unapofika kwenye vinanda vya nyuzi. Niliposikia vinanda hivyo vikipanda waziwazi kutoka kwenye flashi, nililazimika kuvua hedifoni kwa muda.

"Be My Baby" wa The Ronettes, wa mwaka 1963, ulikuwa mtihani mgumu zaidi kwa fundi. Prodyuza Phil Spector aliurekodi katika studio ya Gold Star, Los Angeles, kwa kurundika gitaa, piano, ala za kupuliza na ngoma ndani ya chumba kimoja na kuzipitisha zote kwenye chumba cha mwangwi, mpaka ala moja isiweze kutenganishwa na nyingine. Kelele hiyo ndiyo wimbo wenyewe, na ukiichuja unaubomoa. Sasa ngoma ya Hal Blaine inaanza kama hatua za mtu anayekuja mlangoni, kastaneti zinagongana vizuri, na sauti ya Ronnie, kiongozi wa kikundi, inapita katikati ikitetemeka bila kuvunjika. Miongoni mwa waitikiaji alikuwamo Cher, ambaye wakati huo hakuwa akijulikana. Kwenye nakala ya kwanza usingejua kwamba kuna mtu yeyote nyuma ya Ronnie.

"Dancing in the Street" wa Martha and the Vandellas umetoka safi, na sina la kuongeza. "Where Did Our Love Go" umerudi kwenye ufunguo wake, na vile vishindo vya miguu juu ya mbao vinavyoufungua vinasikika kimoja kimoja.

Wimbo ulionishangaza ni "Leader of the Pack" wa The Shangri-Las, wa mwaka 1964. Mary Weiss alikuwa na miaka 15 alipouimba. Waitikiaji hapa wanaanza kwa maswali, kama wasichana wanaomzunguka mwenzao uani mwa shule wakitaka kuhakikisha kama ni kweli anatembea na yule kijana wa pikipiki. Kisha baba anamkataza, kijana anaondoka akilengwalengwa na machozi, na ngurumo ya pikipiki inaishia kwenye kishindo. Niliucheza baada ya mazoezi, nikitarajia kwamba vijana wangeuona wa kizamani. Katika jiji hili, ambamo karibu kila mtaa una familia iliyopoteza kijana kwenye bodaboda, hakuna aliyecheka. Mmoja wa wasichana wa soprano aliomba urudiwe, na uliporudiwa mara ya pili walikuwa tayari wanaitikia maswali yale kwa sauti mbili bila mimi kuwagawia.

Mwisho wa upande huo mama mkubwa alikuwa amerekodi nyimbo mbili za Mahotella Queens wa Afrika Kusini, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1964, miaka ile ile ambayo wasichana wa Detroit walikuwa wakivuma. Naona alikuwa na sikio zuri. Ni lugha nyingine na mdundo mwingine, mbaqanga, lakini mpangilio ni ule ule wa sauti moja kutangulia na nyingine kuipokea kwa pamoja, na pale kanda inapovuka kutoka Marekani kuja Johannesburg hakuna mshtuko wowote.

Jambo jingine la kumsifu fundi ni kwamba hauzi nakala za nyimbo za wateja wake. Nilimwona akimkatalia mtu aliyetaka kununua faili za kanda ya mwingine. Wasichana hawa walinufaika kidogo mno kuliko nyimbo zao zilivyowanufaisha wengine. The Ronettes walimshitaki Spector wakidai malipo yao, na kesi hiyo ilifika hadi Mahakama ya Rufani ya New York, iliyotoa hukumu yake mwaka 2002. Anayezipenda nyimbo hizi na asiye na kanda ya urithi azinunue kwa njia halali.

Kasoro zipo. Chumba ni kidogo, na kelele za matangazo ya sokoni huingia, hivyo usitegemee kukagua kazi yako pale mchana. Nenda asubuhi mapema. Haandiki majina ya nyimbo kwenye faili isipokuwa umempa orodha iliyopangwa. Asipoambiwa, atakupa faili za MP3 zilizobanwa sana, kwa hiyo omba WAV, ambazo hazibanwi, na upeleke flashi yenye nafasi ya kutosha. La muhimu zaidi, mwambie kabla hajaanza kwamba hutaki kuongezewa besi wala kusafishiwa mvumo.

Upande wa pili wa kanda bado uko kwake. Ameniambia kwamba utepe umejikunja karibu na mwanzo na kwamba anataka kuunyoosha kwa mkono kabla ya kuuchezesha, nami nimemwambia asiharakishe. Nitaufuata Jumamosi.