Kanga za bibi na safari ya Gee's Bend: uzoefu wangu

Niseme mapema, mimi si fundi. Nina cherehani ndogo ya mezani hapa Atlanta, na nina begi la kanga za marehemu bibi yangu wa Tanga. Miaka sita kazi yangu ilikuwa kulifungua, kuzinusa, kulifunga. Nilitaka kuzitengenezea kwilti, lile blanketi la tabaka tatu: vipande vilivyoungwa juu, pamba katikati, bitana chini, na mishono ya mkono inayovishika vyote pamoja. Mkasi ndio uliokuwa haushuki.

Nilianza kwa kulipia kambi ya kushona ya siku tatu, sehemu ambayo sitaitaja. Chakula kizuri, vitanda vizuri, na mwalimu asiyeachia rula. Kila pembe ilipimwa. Nilipotoa kanga moja, mwenzangu wa mezani akaniambia kwa upole kwamba kitambaa hicho ni chepesi na rangi itachuja. Nikairudisha begini. Nilirudi na kimto kimoja cha kijivu ambacho mpaka leo sijui nikiweke wapi.

Kwa hiyo mwezi wa kumi nilipoendesha gari kwenda Alabama kwenye Airing of the Quilts, siku ya kuanika kwilti iliyoanza mwaka 2022, nilikwenda kutembea tu. Kijiji ni Gee's Bend, kwenye ramani utakiona kwa jina la Boykin, na mto Alabama umekizunguka pande tatu. Nililala Selma, asubuhi nikaenda Camden kupanda pantoni. Wewe uliyezoea kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni utashangaa: hakuna muungurumo wala moshi, inatumia betri tangu 2019. Uvukaji ni kama robo saa. Lakini pantoni ya hapo ilisimamishwa mwaka 1962, wakati watu weusi wa kijiji walipokuwa wakidai haki ya kujiandikisha kupiga kura huko Camden, na haikurudi mpaka 2006. Miaka 44 watu wanaona mji ng'ambo ya maji, na kuufikia lazima wazunguke kwa barabara. Nilikaa na hilo mpaka tukagusa ukingo.

Kwilti zimetundikwa kwenye kamba mbele ya nyumba, kwenye uzio, kwenye varanda. Kazi za kijiji hiki nilishaziona makumbusho. Zimeonyeshwa Whitney kule New York, na mwaka 2006 zikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Ukutani, chini ya taa, zilikuwa zinanitisha. Hapa upepo unazigeuza unaona na bitana, vifundo vya uzi na vyote.

Iliyonishika ilikuwa ya jinzi kuukuu. Katikati ya buluu iliyopauka kulikuwa na mraba wa buluu nzito, kama mpya. Nikasogea. Ni mahali palipokuwa na mfuko. Mfuko umefumuliwa, na kitambaa kilichojificha chini yake miaka yote hakijawahi kuona jua. Ukiweka kidole unahisi vitundu vya mshono wa zamani. Kazi za aina hii hapa zina historia: mwaka 1942 Missouri Pettway alichukua nguo za kazi za mumewe aliyefariki akazishona kwilti ya kujifunika, ili amkumbuke. Zipo pia za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka, kwa sababu miaka ya sabini akina mama wa ushirika wao, Freedom Quilting Bee, walikuwa wakishonea kampuni ya Sears foronya za kodrai, na mabaki hayakutupwa.

Kisha kuna patani wanayoiita Housetop, yaani paa la nyumba. Unaanza na kipande katikati, unakizungushia ukanda, halafu ukanda mwingine, mpaka kitanda kienee. Nikacheka peke yangu. Hii si kanga? Mji katikati, pindo pande zote! Na leso zenyewe, kama inavyosimuliwa pwani, zilianza kwa wanawake kuunga vitambaa sita vya mkononi, vitatu kwa viwili. Sisi tulianza na viraka, mashine ndiyo iliyotufuta mishono.

Mama mmoja alikuwa akichana vitambaa kwa mikono, bila mkasi. Unakata kidogo ukingoni, unavuta, kitambaa kinafuata uzi wake. Nikamwonyesha picha za kanga kwenye simu na kumweleza woga wangu. Akauliza, bibi alizivaa au aliziweka sandukuni? Nikamwambia alizivaa, mpaka shambani. "Basi zimezoea kazi," akasema, akaendelea kuchana.

Kwa anayefikiria kwenda: nyumba zimetawanyika kando ya barabara, vaa viatu vya kutembea, si kama mimi na ndara zangu. Kofia muhimu. Angalia ratiba ya pantoni kabla. Kwilti kubwa zinafika maelfu ya dola, na baada ya kuona mishono sikuthubutu kuomba punguzo. Nilinunua kwilti ndogo ya kutundika. Nyota nne na nusu, hiyo nusu iliyopungua ni ya malengelenge yangu.

Jumapili usiku nilichana ya kwanza. Ilitoa sauti iliyonisimamisha nywele. Mji nimeuweka katikati, pindo nimezizungusha, na kwa uzembe jina limekaa juu chini: ukitaka kusoma WEMA HAUOZI inabidi ulale kichwa kikiwa miguuni. Rangi haikuchuja, zimefuliwa miaka thelathini hizo. Nikamtumia mama picha. Akanijibu kwa sauti: "Umechana kanga ya mama yangu?" Sikujua nijibu nini, nikanyamaza. Baada ya dakika kumi ikaingia nyingine: "Zimebaki ngapi?"