Gereji ya Datsun pale Industrial Area: wametuandalia 240Z ya Safari Classic, haya ndio maoni yangu

Watu wengi huuliza kama hapa Nairobi bado kuna fundi anaweza kushika Datsun ya zamani akaiandaa kwa mbio ndefu kama East African Safari Classic, ile rali ya magari ya zamani, sio kuipiga rangi tu ikae ya maonyesho. Wapo. Mwenye hii gereji hapendi jina lake lizungushwe mtandaoni so silitaji, lakini uliza mtu yeyote mwenye Datsun pale Industrial Area atakuonyesha geti. Nawapa nyota nne kwa tano, na hiyo moja imeenda na waya, nitafika huko.

Gari ni 240Z, aina ile ile ambayo Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally 1971, alafu 1973 Shekhar Mehta akachukua akiwa sare kwa pointi na Harry Källström. Mzee mwenye gereji hizo story anazijua vizuri sana lakini hakuanza na injini. Alitoa kapeti yote, akakwangua ile lami nyeusi ya chini, akaniita, "Kijana, hebu weka kidole hapa." Pale juu shoki ya nyuma inaposhikana na bodi kulikuwa na ufa mwembamba umefichwa na rangi. 240Z ina strati, yaani shoki na springi zikiwa kitu kimoja, kwa magurudumu yote manne, kwa hivyo kila shimo unaloingia kishindo kinapanda moja kwa moja mpaka hapo, na hapo ndipo gari hufunguka.

Kazi kubwa basi ikawa kuweldi. Kijana wake anachomelea kipande kifupi, anaruka upande wa pili, anaacha pale pa kwanza papoe, anarudi, manake ukienda mfululizo moto unapinda bodi na milango haifungi tena. Ilikula muda kuliko injini na naona ilistahili kabisa. Paipu za breki na za petroli zimehamishwa zikapita ndani ya gari mawe yasizifikie, kila moja imeshikwa na klipu yenye raba, na sampu gadi ya aluminiamu, ile bamba ya kukinga injini kwa chini, inafunguka kwa bolti chache za saizi moja ndio ukiwa umelala chini ya gari kwa matope usianze kutafuta spana.

Mwenzangu alikuwa anataka kamshafti kali ndio injini iongezeke nguvu, mzee akakataa kabisa. Alituambia Björn Waldegård, yule dereva wa Sweden, alishinda Safari Classic 2007 na tena 2011 akiwa na miaka 68, na hakushinda kwa kuvunja gari. Hapo nilimpenda.

Kabureta nazo, hizi Weber tatu, wengi hapa Nairobi huziseti kwa hewa ya Nairobi alafu unashuka Mombasa ambako hewa ni nzito, petroli inakuwa kidogo kwa hiyo hewa, injini inachemka na pistoni inaweza kutoboka. Yeye anaseti za pwani. Huku juu gari inakuwa nzito kidogo na inatoa moshi lakini haifi, na anakupa kisanduku cha jeti zingine, vile vitundu vya kupima petroli ndani ya kabureta, kila moja imeandikwa namba. Tuliijaribu kutoka Kona Baridi mpaka Magadi, hapo unashuka zaidi ya mita elfu moja, tukatoa plagi tukazikagua, rangi yake ilikuwa safi. Na vumbi! 240Z inajulikana kwa kuvuta vumbi na moshi wa ekzosti kupitia mlango wa nyuma. Walibadilisha raba zote za huo mlango wakatoboa tundu la hewa juu ya paa, hewa ikiingia kwa nguvu vumbi halipati nafasi. Tulifika Magadi tukiwa tunaonana.

Sasa waya. Hawana fundi umeme wao, wanaita wa nje, na huyo alitufanyia vitu vya kuudhi sana, taa zote nne za mbele kwa relei moja, viungo vimefungwa kwa tepu tu bila kusolda. Taa zilizima usiku tukiwa Kiserian. Mzee alilipia marekebisho mwenyewe bila mabishano, lakini kazi ya hivyo haifai kutoka kwa geti lake hata mara moja.

Bei iko juu na itapanda wakikuta kutu, ila wanakupigia simu kabla ya kuongeza kitu na unaenda kuona kwa macho. Raba za Japan zinachelewa sana, kwa hivyo kama unataka gari ya Novemba usiwapelekee Agosti. Viti na mikanda hawauzi, nunua mwenyewe na usome tarehe kwenye lebo ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, kabla hujalipa, manake ya zamani hata kama haijavaliwa hairuhusiwi. Na siku ya kuchukua gari mwambie akuwashie kila taa, moja moja, mkiwa bado hapo ndani.