Kipakatalishi Kidogo cha Kuwekea Linux: Uliza Kadi ya Waifai Kabla ya Kuuliza RAM

Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wasomaji wa Lamu na Malindi wamekuwa wakiniandikia lalamiko moja lenye sura nyingi. Mwalimu mmoja wa Shela aliagiza kipakatalishi cha inchi 11 kutoka Nairobi, akawekewa Linux, mfumo huria unaoshika nafasi ya Windows, na mpwawe, kila kitu kikawaka, ila alama ya waifai haikutokea kabisa kwenye pembe ya skrini. Kijana wa Langoni anasema yake hutokea, lakini akitoka tu katika chumba chenye ruta mtandao humpotea, ilhali simu yake ya bei ya chini hushika mpaka juu darini. Dada mmoja wa Malindi ameambiwa na fundi kwamba Linux haipatani na intaneti, kisha akatozwa pesa za kurudishiwa Windows. Wote watatu wana mfumo mzuri, RAM ya kutosha na diski nzima. Kilichowaponza ni kadi ya waifai, kipande kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, ambacho hakiandikwi katika tangazo lolote la mauzo.

Kwa hiyo mambo ambayo muuzaji atakueleza hata usipomuuliza, yaani prosesa, RAM na ukubwa wa diski, nayaacha. Mashine yoyote ndogo ya kiofisi iliyotengenezwa kati ya 2015 na 2018, ikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD, itaendesha Debian au Linux Mint, ambazo ni aina mbili za Linux, bila taabu. Hizo ndizo zilizojaa sokoni sasa, kwa sababu Windows 11 inazikataa takriban prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na maofisi ya Ulaya yanazitoa kwa jumla. Nitazipanga kwa kigezo kikuu kimoja: ikiwa utaipata mashine leo na kuiwekea mfumo usiku, je, asubuhi utakuwa na mtandao?

Shida hii ni ya zamani. Asus ilipotoa Eee PC 701 mwaka 2007, yenye skrini ya inchi 7 na hifadhi ya GB 4, ndani yake mlikuwa na kadi ya Atheros ambayo Ubuntu, aina nyingine ya Linux, ya wakati ule haikuweza kuitumia bila kutiwa viraka vya programu. Watu wa kujitolea wakavikusanya viraka hivyo, wakavifunga pamoja na menyu iliyotoshea skrini ile finyu, ukapatikana mfumo ulioitwa Ubuntu Eee na baadaye EasyPeasy. Mradi wenyewe umekwisha siku nyingi na simshauri mtu autafute, lakini kazi ya namna ile haikupotea: kadi za Atheros za rika lile leo zinahudumiwa na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya ath5k iliyomo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, na mwenye mashine hahitaji kujua kwamba kuna watu waliowahi kukesha kwa ajili yake.

Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambayo hadi leo hutengenezwa na watu wa kujitolea pasipo kampuni inayoimiliki, ilikwama mahali pengine. Kadi nyingi haziamki mpaka zipewe femuwea, yaani faili ndogo ya programu inayotiwa ndani ya kadi kila mashine inapowashwa, na watengenezaji wa kadi hawaachi wazi chanzo cha faili hiyo. Kwa kushika kanuni zao za programu huria, wana-Debian waliiweka nje ya diski yao rasmi. Ukitaka waifai ilikubidi kwanza upakue femuwea, na ili uipakue ilikubidi uwe na waifai. Mwaka 2022 walipiga kura juu ya jambo hili, na tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, femuwea imo ndani ya diski rasmi ya kusakinishia. Za Intel zimo, za Qualcomm Atheros zimo, na za Realtek nyingi zimo. Kadi nyingi za Broadcom katika vipakatalishi ndizo zilizobaki kuwa kero, kwa sababu draiva yao iitwayo wl ni mali ya kampuni, haimo kwenye diski hiyo, na lazima ijengwe upya kila kerneli inapobadilika.

Hilo linamweleza mwalimu wa Shela. Kijana wa Langoni ana ugonjwa mwingine, na huo ndio unaoniudhi zaidi, kwa kuwa huwezi kuuona mpaka ufungue kifuniko cha chini. Katika mashine iliyotengenezwa kwa uaminifu utakuta kadi imeshikwa na skrubu moja, na juu yake vibonye viwili vya rangi ya dhahabu, kila kimoja kimebanwa na waya mwembamba, mara nyingi mmoja mweusi na mwingine mweupe, inayopanda kupitia bawabani hadi kwenye antena zilizoko pembeni mwa skrini. Katika baadhi ya mashine za bei nafuu zenye kadi ya Realtek RTL8723BE, utakuta waya ni mmoja tu na kibonye cha pili kiko wazi. Mtengenezaji ameokoa senti kadhaa kwa kuacha antena ya pili, na mara nyingine Linux huchagua kusikiliza kwa upande ule usio na waya. Dawa ipo: unaandika chaguo la ant_sel, 1 au 2, katika mipangilio ya draiva ya rtl8723be, nayo mawimbi hupanda papo hapo. Hata hivyo kadi yenyewe hubaki ya masafa ya GHz 2.4 pekee na ya antena moja, na nyumba zetu za Mkomani na Langoni zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo unene wake unakaribia nusu mita. Ruta ikiwa msanani, yaani ukumbi wa mbele, na wewe umekaa ndani, ni ukuta mmoja au miwili ya namna hiyo kati yenu. Mwenye nyumba ya kisasa Nairobi anaweza kuvumilia kadi dhaifu. Wa Lamu hawezi.

Utasema basi kadi ibadilishwe. Mara nyingi hilo linawezekana, lakini uliza kwanza, maana kuna watengenezaji waliotia katika BIOS, programu inayoiwasha mashine, orodha ya kadi wanazozikubali. ThinkPad X230 na X240 za Lenovo zina orodha hiyo: ukitia kadi ngeni, mashine hukataa kuwaka na kukuonyesha kosa nambari 1802. HP EliteBook 820 G1 nayo hukuletea kosa nambari 104 na kusimama pale pale. Ni mashine yako, umeilipia, na bado inakuchagulia kadi. Sijapata kusikia sababu ya kuridhisha ya jambo hili, na ninavyoona mimi hakuna zaidi ya kumlazimisha mnunuzi arudi kwa muuzaji yule yule.

Sasa mpangilio. Nafasi ya kwanza naipa ThinkPad X270, na sioni haya kusema kwamba napendelea ThinkPad. Atakayeniita wakala wao aniite, ingawa hawajanipa hata kamba ya chaji. Ni ya inchi 12.5, ilitoka mwaka 2017, na nyingi zina kadi ya Intel 8265 au 8260 yenye antena mbili na masafa yote mawili, GHz 2.4 na 5, ambayo Debian huitambua tangu kwenye hatua ya usakinishaji. Orodha ile ya BIOS haimo. Ina tundu kamili la waya wa mtandao, kwa hiyo hata waifai ikifa bado una njia. Na kwa sisi ambao umeme hutuzimikia bila taarifa, ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje, na hiyo ya nje unaweza kuing'oa na kupachika nyingine mashine ikiwa bado inafanya kazi. X260 ni karibu sawa nayo na mara nyingi huwa nafuu kidogo. X280 usichanganye na hizi kwa kuwa jina linafanana: RAM yake imeunganishwa moja kwa moja na ubao na betri ya nje imeondolewa.

Ya pili ni Dell Latitude 7280. Hapa utakutana na kadi ya Intel au ya Qualcomm, zote mbili ni njema kwa Linux, na Dell hawana desturi ya kufungia orodha ya kadi, jambo ambalo nawapongeza kwalo. Imeshindwa na X270 kwa betri tu, kwa sababu ya kwake ni moja na imefungwa kwa skrubu ndani.

HP EliteBook 820 G3 na G4 nazipa nafasi ya tatu. Ni nzuri, zina umbo la kupendeza kuliko zile mbili, lakini jina la HP limebeba mashine nyingi mno zenye kadi za kila aina, na muuzaji akikuandikia "HP inchi 12" bado hujaambiwa kitu.

MacBook Air ya inchi 11, iliyotengenezwa hadi kizazi cha 2015, watu huitamani kwa wembamba wake. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya Broadcom: za 2013 hadi 2015 zina BCM4360, na tundu la waya wa mtandao hazina. Ukiwa tayari unayo, usiitupe. Weka Linux Mint, ambayo programu yake ya kusimamia draiva inaweza kuichukua ya Broadcom kutoka kwenye flashi ile ile uliyosakinishia, bila intaneti. Njia nyingine, inayofaa kwa Debian, ni kuchomeka simu ya Android kwa waya wa USB na kuruhusu ishirikishe intaneti. Linux huiona kama mtandao wa waya, na hapo utapakua unachotaka. Lakini kununua mashine leo ukijua kwamba kila kerneli mpya inaweza kukuacha bila mtandao ni kujitafutia dhiki.

Zilizobaki ni za bei ya chini na sina mengi ya kuzisemea. HP Stream 11 nyingi zina hifadhi ya GB 32 iliyounganishwa na ubao, haibadilishwi. Chromebook nyingi zinadai ubadilishe femuwea ya kuwashia kabla ya kuweka Linux ya kawaida, na si kazi ya mara ya kwanza. Eee PC na wenzake wa prosesa za biti 32 wameachwa na Debian 13 ya Agosti 2025. AntiX, aina nyepesi ya Linux, bado inawahudumia.

Wauzaji nao wana lao. Tangazo litakupa Core i5, litakupa RAM 8, SSD 256, litakupa hata begi la bure, lakini kadi ya waifai kamwe. Ukiuliza, unajibiwa "waifai ipo, dada, usijali", kana kwamba ulikuwa na shaka ya kuwepo kwake. Mashine ikishashuka basi Mokowe na kuvuka kwa mashua, kurudisha ni hadithi: nauli ni juu yako na ya kwenda tena ni juu yako, na risiti imeandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. X270 ambayo Nairobi mara nyingi utaipata chini ya shilingi 30,000 ikiingia dukani kwetu hupandishwa kwa kisingizio cha kuvushwa maji, wakati mashua ile ile huvusha magunia ya mchele na mchele haupandi namna hiyo. Kisha anayekuuzia mashine yenye kadi mbovu ndiye anayekuuzia kidude cha waifai cha USB kuwa dawa, na vingi vya vidude hivyo vina chipu ya Realtek 8821CU, ambayo kerneli ya Linux ilianza kuihudumia katika toleo la 6.2. Debian 12 inatumia 6.1. Ukilazimika kununua kidude hicho, basi weka Debian 13, ambayo ina 6.12.

Kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, mwombe muuzaji awashe mashine kwa flashi ya Debian au Mint, afungue teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, aandike lspci, amri inayoorodhesha vipande vya mashine, akupigie picha mstari unaotaja kadi ya mtandao usio na waya. Ni dakika chache za kazi. Picha ikionyesha Intel au Qualcomm, endelea na mazungumzo ya bei. Ikionyesha Broadcom, shusha bei kwa gharama ya kadi mpya, lakini hakikisha kwanza BIOS yake haina ile orodha. Akikwambia hana muda wa picha, au kwamba Linux itaharibu mashine yake, mshukuru na umpigie mwingine. Mashine za aina hii ni nyingi kuliko wanunuzi mwaka huu.