Kujifunza skizofrenia (ugonjwa wa akili, mtu anasikia au kuona visivyokuwepo) kwa simu au kwenda kikao cha familia za wagonjwa Moshi mjini?

Kwa gharama simu inashinda, hasa kama unatoka Rombo, maana nauli kwenda na kurudi plus siku nzima ya kazi imepotea, na mgonjwa umemwacha na nani? Bando la wiki linatosha, na usiku akilala unasoma taratibu.

Ila kuaminika ndo shida. Mtandaoni pembeni ya somo zuri la daktari kuna mtu anasema karogwa, acheni dawa, na dawa ikikatwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi.

Kikao mi nakipendea kitu kimoja. Kaka alikuwa anaongea na ukuta usiku, mama anambishia "hakuna mtu hapo!" mpaka wanagombana, sasa kikaoni mama mwenzie akamwambia usibishane nae mama, mwambie naona umeogopa, nikae na wewe? Siku hiyo mama alilia. Hata kozi ya familia ya NAMI, shirika la afya ya akili kule Marekani, vipindi 8 bure, wanaofundisha ni ndugu wa wagonjwa.

Kama uko mbali au unaogopa majirani anza na simu, ila kama umechoka mpaka hulali, panda hiace uende.