Albamu za metal kwa barabara ya Kakamega: zenye zinafika na zenye zinakuchosha Majengo

Wacha niseme mapema ndio mkasirike mapema: albamu nyingi za metal, ile rock nzito ya magita na kelele, ni ndefu bure. Mimi nazipimanga na barabara moja tu, Kisumu mpaka Kakamega, juu hiyo saa moja na kitu ndani ya matatu ndio wakati pekee naskiza albamu kutoka ngoma ya kwanza mpaka ya mwisho bila mtu kuniita. Vifaa ni simu na hedfoni za bei ya kawaida, ngoma zimepakuliwa nyumbani manake bando si ya kuchezewa. Kwa hivyo kama wewe ni wa spika kubwa sebuleni, alama zangu zaweza kukuudhi, vumilia tu.

Slayer, Reign in Blood ya 1986. Ngoma 10, dakika 29 hivi, imeisha. Ukiianzisha gari ikitoka Kondele na kusiwe na jam Mamboleo, inaisha ukikaribia Majengo, na hakuna mahali utataka kuruka. Watu wanasifunga kasi yake lakini mimi chenye napenda ni vile ilirekodiwa. Albamu yao ya kabla ya hiyo, Hell Awaits, ilijaa mwangwi kila mahali, halafu wakampata prodyuza Rick Rubin, jamaa wa hip hop na lebo yake ya Def Jam, akatoa ule mwangwi wote. Gita ikabaki kavu, dramu kavu. Sasa matatu ikipanda mlima wa Riat na gia ya pili, injini inanguruma mpaka kiti kinatetemeka, wewe bado unaskia kila kamba. Enzi za kaseti albamu yote ilitoshea upande mmoja, wakaiweka tena upande wa pili, ukigeuza unaanza upya. Maneno yake sasa si ya kuimbia watoto, ngoma ya kwanza ni kuhusu Mengele, yule daktari wa Nazi kule Auschwitz, kwa hivyo usije ukasema sikukuambia. 9 kwa 10.

Mwaka huohuo Metallica walitoa Master of Puppets, na hapa najua nusu yenu mliijua 2022 kupitia ile series ya Stranger Things, hakuna ubaya, karibuni. Ngoma 8, karibu dakika 55. Hii ndio inanifanya nisiseme kila kitu kirefu ni kibaya, manake hizo dakika zina kazi. Inaanza na gita tulivu kabisa, unaweza fikiria umekosea albamu, halafu Battery inakurukia. Orion haina maneno hata moja na bado ndio ngoma naingojanga, vile besi ya Cliff Burton inabaki peke yake pale katikati na gita zinarudi polepole juu yake, buda, hapo hata makanga akidai nauli anangoja. Burton alikufa Septemba mwaka huo, basi lao lilipinduka Sweden wakiwa kwa ziara, alikuwa na miaka 24. 10 kwa 10 na sitaki mjadala.

Yenye ilifuata, ...And Justice for All ya 1988, ndio ile besi ya Jason Newsted, jamaa aliyechukua nafasi ya Burton, waliishusha mpaka haiskiki, na mashabiki wanalia mpaka leo. Lakini skizeni hii maajabu: kwa matatu haikosi kitu! Mngurumo wa injini unamezanga besi ya kila albamu, sasa hii haina ya kumezwa, na injini yenyewe inajaza ile nafasi. Nyumbani naipa 7, kwa gari 8 na nusu. Ila dakika 65 ni nyingi, na kuna ngoma pale mbili tatu zingekatwa nusu na hakuna mtu angelia.

Shida yote ya urefu mimi naonanga ilikuja na CD. Sahani ya santuri ilikuwa inabeba kama dakika 22 kila upande, ukiongeza sana sauti inaanza kuwa dhaifu, kwa hivyo bendi ilikuwa lazima ichague, hii ngoma iingie hii ibaki. CD ikaleta nafasi ya dakika 74 mpaka karibu 80 na watu wakaona ni dhambi kuacha nafasi. Metallica haohao, Load ya 1996, ilijaza CD mpaka ikakataa, dakika 79 kasoro sekunde moja, hadi ngoma ya mwisho The Outlaw Torn ikabidi ikatwe ndio itoshee. Sasa mtu akitengeneza albamu mpaka inakatwa na plastiki badala ya akili yake unategemea nini? Kuna albamu tamu sana ya dakika 45 imefichwa humo ndani, lazima uichimbue mwenyewe. St. Anger ya 2003 siisemi sana, dakika 75, hakuna solo hata moja ya gita, na ile dramu Lars, mpiga dramu wao, alilegeza waya zake inalia kama mtu anagonga sufuria tupu. 3. Na 72 Seasons ya 2023 ni ya dakika 77 na haina mbaya yoyote ndani, shida ni kwamba ukifika Chavakali ngoma zote zishakuwa moja. Inamorata ya mwisho ni dakika 11 na ndio nzuri kuliko zote, lakini wangapi wamefika huko macho? 6.

Iron Maiden pia, aki. Powerslave ya 1984 iko na ngoma ya karibu dakika 14 kuhusu baharia aliyeua ndege na inapita kama maji, juu ina hadithi, ina mahali inanyamaza, ina mahali inarudi. Halafu Senjutsu ya 2021, dakika 82, CD mbili, magita matatu yakirudia mstari mmoja. Nawapenda hawa wazee lakini kuna mtu angewaambia.

Kwa wale wanaanza, anzeni na Black Sabbath ya kwanza, Februari 1970, ilirekodiwa kwa siku moja. Mvua, kengele, halafu gita nzito ya Tony Iommi, jamaa aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda akiwa kijana, akajitengenezea ncha za plastiki akaendelea. Dakika 38 hivi, 9 kwa 10. Ozzy, mwimbaji wao, alituacha Julai 2025, wiki chache tu baada ya kuaga mashabiki pale Villa Park, ndio, uwanja wa Aston Villa.

Na tafadhali wacheni kucheka watu wa Linkin Park. Hybrid Theory ya 2000 ni ngoma 12 kwa chini ya dakika 38, hakuna hata moja ya kujaza nafasi, na nusu ya watu wa rock nawajua huku waliingilia mlango huo. From Zero ya 2024, na Emily Armstrong kwa sauti, ni dakika 32 hivi. Yeye si Chester, yule mwimbaji wao wa kwanza kwa Hybrid Theory, na hajaribu kuwa, nampa 7, na moja ya hizo alama ni ya kujua kunyamaza mapema.

Ya mwisho ni ya kwetu. Duma, albamu inaitwa hivyohivyo, 2020, wanaume wawili wa Nairobi kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Usitarajie bendi, hakuna mpiga dramu. Ni mashine inakimbia kasi binadamu hawezi, kelele juu yake, na Martin Khanja anapiga mayowe katikati. Mara ya kwanza kichwa kitauma. Kwa matatu haiwezekani kabisa, inachanganyika na honi hujui ipi ni ya albamu, kwa hivyo hii peke yake naiskizanga usiku nyumbani. Lionsblood ndio ya kuanza nayo. Naipa 8, na Khanja ameendelea peke yake kama Lord Spikeheart, albamu ya The Adept ya 2024, yenye imejaa wageni na ni rahisi kidogo kuingia. Zote ziko Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, unaskiza kwanza bure ndio uamue kama utatoa pesa.