Mashua za kukodi Tanga: chombo kizima, ratiba mbovu

Tathmini hii inahusu mashua za mbao zinazokodishwa kwa makundi ya marafiki Tanga mjini, zile unazozipata kwa kuulizia maeneo ya pwani ya Deep Sea, Sahare au Raskazone. Chombo kina tanga moja la pembetatu, injini ya nje ya nguvu farasi 15 kwa akiba, nahodha, na baharia mmoja au wawili. Safari ni ya kutwa: kisiwa cha Toten, Ulenge au Yambe, au fungu la mchanga lililoibuka siku hiyo. Mabaharia wanajua kazi, vyombo vingi ni vizima, na bei ikigawanywa kwa watu kumi haiumi. Kinachoharibu siku ni saa ya kuondoka. Dalali atakwambia "saa tatu kamili", iwe leo, iwe wiki ijayo, iwe mwezi mchanga au mpevu.

Tazama maji yenyewe. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili hivi zinazofuata, bahari ya Tanga hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Maji hujaa karibu saa kumi alfajiri, yakapwa karibu saa nne asubuhi, yakajaa tena karibu saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa imeshuka hadi mita moja na kitu.

Sasa chukua hiyo "saa tatu kamili" uiweke siku ya bamvua. Mashua imekaa chini, ubavu mmoja umeegemea tope. Mnatembea na sanduku la barafu kichwani kufuata maji yalikokimbilia, kisha mnasukuma. Mkifika kwenye fungu, maji yameshaanza kurudi. Saa ya kwanza yanarudi polepole, na wageni hudhani wana muda. Saa ya tatu na ya nne ndizo za kasi: katika saa hizo mbili peke yake huongezeka nusu ya kina chote. Mchanga uliokuwa mkavu saa nne, kufika saa nane mtu mzima anaogelea juu yake. Ndiyo maana makundi mengi hurudi yakilalamika kwamba fungu lilikuwa dogo. Fungu halikuwa na kosa, wao walichelewa.

Siku ya bamvua ondokeni saa kumi na mbili na nusu. Maji yanayotoka yatawabeba nje ya ghuba, fungu mtalikuta linaibuka, mtakuwa na saa tatu kavu, na kurudi mtasukumwa na maji yanayojaa. Mashua itawashusha karibu kabisa na ufuko. Ikiwa kundi lenu haliwezi kuamka, msikodi siku ya bamvua. Maji mafu fungu halitoki vya kutosha, lakini mkondo ni dhaifu na maji hayachafuki sana, basi hizo ni siku za kuvaa miwani na kutazama matumbawe.

Walioona picha za yoti za Ugiriki huja na mpango wa kule. Kule boti hukodiwa kwa wiki, kwa kawaida Jumamosi hadi Jumamosi, mwenye boti hudai cheti cha unahodha na dhamana, na bahari ya Mediterania karibu yote haipandi hata nusu mita, kwa hiyo kinachopanga siku ni upepo, hasa meltemi wa Julai na Agosti. Huku hupewi chombo kitupu, unakodi chombo na mtu wake, na mwezi ndio unaopanga.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huvuma kutoka kaskazini mashariki, na bahari huwa ya kirafiki zaidi. Kusi, kuanzia Mei, ni mkali zaidi, na Yambe iko nje ya ghuba kusini mashariki, kwa hiyo kwenda ni kupambana nao na kurudi ni raha tupu. Mashua za namna hii hazibishi upepo kwa wepesi: kugeuza tanga ni kuisimamisha foromali, ule mti unaobeba tanga, na kuizungusha mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na kila mgeuzo chombo hupoteza hatua zake. Nahodha akiwasha injini kwenda Yambe wakati wa kusi msimwite mvivu. Akiiwasha wakati wa kurudi, muulizeni kwa nini. Wakati tanga linageuzwa kila mtu akae chini na mikono yake ndani. Demani, kamba ya kuvutia tanga, ikichomoka mkononi mwa baharia, hupiga kama mjeledi. Wakati wa tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, upepo unaweza kukatika kabisa mchana, hapo injini ndiyo safari.

Injini hiyo ndiyo sehemu dhaifu ya huduma hii. Ikikimbizwa hunywa lita 5 hadi 7 kwa saa, kwa hiyo lita 20 zinatosha Yambe kwenda na kurudi hata bila upepo. Dai kuona dumu kabla ya kung'oa nanga, maana wapo wanaoondoka na lita 10 wakitegemea tanga. Nyingi bado ni za kuchanganya mafuta, na mchanganyiko wa kawaida ni oili mililita 400 kwa petroli lita 20. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi hujaa masizi na injini inazimika kila inapoendeshwa polepole. Injini ikishawaka, tazama uzi wa maji unaotoka nyuma yake: usipotoka, njia ya kupoozea imeziba kwa mwani au nailoni, na haifai kwenda hatua moja. Plagi ya akiba na spana yake viwemo chomboni. Mara nyingi havimo.

Mbao zenyewe zinastahili sifa. Kalafati ya pamba kwenye maungio ikiwa nzuri, ngama, yaani tumbo la chombo, hubaki na maji kidogo tu, na kuyafua (kuyachota na kuyamwaga nje) mara moja kila saa ni jambo la kawaida. Baharia asiyeweka upo, kata ya kuchotea maji hayo, chini tangu mnaondoka anakwambia kitu. Chombo kilichokaa juani muda mrefu bila kushushwa huvuja hadi mbao zivimbe tena, kwa hiyo uliza jana kilikuwa wapi. Angalia pia henza na jarari, kamba zinazoinua foromali. Nyuzi zikiwa zimetoka nje kama manyoya, siku ya kusi hazifai. Mashua ya mita 8 inakaa watu 10 kwa raha. Dalali atasema 15, na kweli wataingia, ila hakuna atakayeweza kusogea tanga linapogeuzwa.

Majaketi ya kuokolea ndiyo yaliyotuudhi kuliko yote katika huduma hii. Yapo, lakini yamesokomezwa omo, mbele ya chombo, chini ya nyavu na nanga, mikanda imekatika, ya watoto hakuna. Yatolewe yote, yavaliwe pwani kila mtu afunge lake, ndipo mpande. Uliza cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uutazame mwenyewe usiku wa kuamkia safari.

Kuhusu visiwa, Toten iko ndani ya ghuba, karibu na mji, ina magofu ya misikiti na makaburi ya Wajerumani, inafaa kundi lenye wazee na watoto. Ulenge ina mnara wa taa na ni eneo tengefu. Yambe ndiyo safari hasa. Maziwe msiifuate kutoka Tanga mjini, ondokeni Pangani au Ushongo, ni karibu kilomita 8 tu kutoka Pangani. Toten, Yambe na Karange zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo kuna kiingilio. Ulizeni kama kimo ndani ya bei, na risiti ya serikali muione. Silikanti mwenyewe, samaki wa kale aliyeipa hifadhi jina, anaishi kilindini, mita mia na zaidi. Anayewaahidi kumwona anawauzia maneno.

Chakula hakina shida: changu wa kuchoma, pweza, wali wa nazi uliopikwa nyumbani ukafunikwa vizuri. Maji ya kunywa hesabu lita 3 kwa kila mtu, na vitu vyenu bebeni kwenye vikapu, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Viatu vya mpira visikosekane, kwenye matumbawe kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni. Mwenye kichefuchefu akae katikati kuelekea tezi, yaani nyuma, atazame mbali, asikae omo.

Bei kubalianeni kwa chombo kizima, si kwa kichwa, na petroli itajwe kwa lita. Shikamoo kwa nahodha itangulie bei. Manahodha wengi ni watu wazima, na anayeanza kwa kubishana na mzee hujibiwa kwa bei ya mgeni. Toeni nusu asubuhi baada ya kuona mashua inaelea na dumu limejaa, nusu mkishuka. Pesa yote ikipitia kwa dalali, sehemu kubwa huishia kwake na kwa mwenye chombo, kwa hiyo bakshishi ya nahodha na mabaharia wapeni wenyewe, mkononi.