Dikroskopu ya kalisaiti kwa mnunuzi wa tanzanaiti: inunue, ila usiiache lenzi

Kwa anayenunua mawe ya bluu Mererani au Arusha, hakuna kifaa kidogo chenye msaada kama dikroskopu, kijibomba cha kuchungulia kinachoonyesha rangi mbili za jiwe kando kwa kando, ukitoa lenzi inayokuza mara 10. Haina betri, inaingia mfukoni, na jibu lake halichukui dakika mbili. Sokoni zipo za kalisaiti na za filamu. Chukua ya kalisaiti.

Fuwele ya kalisaiti hupasua mwanga kuwa miali miwili inayotikisika kwa pembe mraba. Ukichungulia unaona vidirisha viwili vilivyogusana, kila kimoja na mwali wake. Ya filamu hutumia vipande viwili vya plastiki. Bei yake ni nafuu, lakini hula mwanga mwingi, na jiwe la rangi hafifu linaweza kuonekana halina tofauti kumbe inayo.

Kinachosomwa humo ni ulinganifu wa fuwele, yaani jinsi mihimili yake, mielekeo yake mitatu ya ndani, inavyolingana. Mawe ya spineli na ganeti yana fuwele za mchemraba, mihimili yote mitatu ni sawa, kwa hiyo vidirisha vyote hutoa rangi ileile. Kioo kinachoigiza jiwe nacho ni hivyo hivyo. Safaya ina mhimili mmoja uliojitenga, nayo hutoa rangi mbili: bluu na bluu yenye ukijani. Tanzanaiti ina mihimili mitatu isiyolingana. Ikiwa haijachomwa hutoa, mbili mbili kadiri unavyogeuza jiwe, bluu, zambarau, na ya tatu ya kahawia au kijani-njano. Ikishachomwa hiyo ya tatu hupotea, zikabaki bluu na zambarau. Kidirisha cha kahawia ni dalili nzuri kwamba jiwe halijapita motoni.

Wengi hukosea kwenye mwanga. Tumia tochi nyeupe iliyofunikwa karatasi laini, ikimulika kutoka nyuma ya jiwe. Mwanga unaorudi kutoka juu ya jiwe, anga la bluu na kioo cha kompyuta vyote hutoa mwanga ambao tayari unatikisika upande mmoja, na jibu litakuwa la uongo. Sogeza kifaa karibu kabisa na jiwe, kizungushe taratibu robo ya duara, kisha geuza jiwe urudie, angalau pande tatu. Kila fuwele isiyo ya mchemraba ina uelekeo ambao tofauti ya rangi haionekani. Ukitazama upande mmoja tu, unaweza kuitupa tanzanaiti halali.

Udhaifu mkubwa wa dikroskopu ni fosteraiti ya maabara, jiwe la kutengenezwa linaloigiza tanzanaiti. Mihimili yake nayo haifanani, na ile ya bluu hutoa rangi mbili zinazofanana mno na za tanzanaiti. Hapo dikroskopu imefika mwisho; shika lenzi utazame kingo za nyuma kupitia uso wa jiwe. Za fosteraiti huonekana mbilimbili waziwazi, za tanzanaiti kwa shida.

Pia kalisaiti ni laini, ugumu wa 3, na hupasuka kirahisi kwa pande tatu. Ikianguka kwenye saruji usitarajie mengi.

Kabla ya kulipa, elekeza kifaa kwenye karatasi nyeupe: vidirisha viwe sawa kwa weupe, visipandane wala kuachana. Kisha kielekeze kwenye kioo cha kompyuta mpakato na ukizungushe. Kidirisha kimoja kiwe giza kabisa huku cha pili kikiwaka, halafu vibadilishane baada ya robo ya duara. Kisipofanya hivyo, omba kingine.